Kona ya Kipanga

Nilikuwa nimesimama juu ya herufi N, mvua ikinipiga utosini, na barabara ilikuwa tupu. Sijui kitu kinachotisha kama barabara tupu inayosubiri. Ilipanda mbele yangu, nyeusi, ikimeremeta kama nyoka aliyetoka kujivua gamba, ikapotelea kwenye ukungu huko juu. Ndani ya ukungu ule alikuwemo mjukuu wangu, juu ya magurudumu membamba kama kidole changu, akija kwa mwendo ambao sijawahi kuupenda.

"Bibi, sogea huku kidogo," kinyozi wa jirani yetu aliniambia. "Acha nafasi kati yetu iwe ndogo."

Nikasogea. Bega langu likagusa bega lake.

Kipanga si jina alilopewa na wazazi wake. Walimpachika mashabiki, na walikuwa na sababu. Kwenye mlima alikuwa wa kawaida tu. Alipanda kama sisi wengine tunavyopanda maisha, kwa kusaga meno. Lakini mpe mteremko. Hapo ndipo aliposhuka juu ya wenzake kama kipanga juu ya vifaranga, kidevu kikigusa usukani, na ukiwa pembeni unapepesa jicho mara moja tu, keshapita.

Mimi ndiye niliyemlea, mama yake akiwa kazini mji wa mbali. Baiskeli alijifunzia ile ya babu yake, chuma kizito cha kubebea ngazi na makopo ya rangi. Siku ya kwanza alipoishusha kwenye kichochoro chetu aliingia ndani kidevu kimepasuka, damu mpaka kifuani, na anacheka. Nilimfunga kitambaa huku naye anacheka, na nadhani hofu iliniingia mwilini siku ile ikatafuta chumba, ikapanga. Haijahama.

Ndiyo maana nilikuwa shabiki wa aina yangu. Mashindano yale ya baiskeli huchukua siku kadhaa, kila siku hatua yake, mji hadi mji, na wenzangu waliyafuata kwa macho, wakirukia malori na kulala kwenye mabaraza ya watu. Mimi niliyafuata kwa masikio. Nilikaa na cherehani yangu, redio dirishani, nikishona sare za shule. Na jioni ya kila hatua nilikuta nimefumua zaidi ya nilivyoshona. Mtangazaji akipandisha sauti, nilizima. Kisha nilishindwa kuvumilia, nikawasha.

"Mke mwenzako kashika nafasi ya pili," mzee wangu alikuwa akiniletea habari, maana kwa utani wa babu na mjukuu yule mtoto alikuwa mkewe wa pili. "Na wewe uko hapa unashindana na uzi."

Mzee wangu alikuwa fundi wa kuandika mabango. Duka lolote mtaani petu lililokuwa na jina, jina hilo lilitoka mkononi mwake. Yeye na kinyozi wa jirani ndio waliokuwa vichwa vya ushabiki. Wiki ya mashindano kinyozi alifunga duka, na wapo wanaoapa kwamba aliwahi kumwacha mteja kitini na nusu ya ndevu, akamwambia nusu nyingine ni baada ya fainali.

Kila mwaka hatua moja ilipanda mlima wetu, na kila mwaka mashabiki waliandika majina barabarani. Ndiyo desturi. Mwendeshaji anapanda amechoka, ameinamisha kichwa, haoni kitu ila lami. Basi umwekee jina lake kwenye lami, ajue ana watu. Mzee aliandika kwenye kona kubwa, pale ambapo upande wa ndani kuna ukuta wa mwamba na upande wa nje kuna mawe mafupi ya kingo, na baada ya mawe hakuna kitu, ni bonde.

Mwaka ule redio ikatangaza kwamba njia imegeuzwa. Wangepandia upande wa pili wa mlima na kushukia kwetu.

Watu walishangilia. Kipanga kwenye mteremko wa nyumbani! Mzee alikaa akikuna kidevu jioni nzima, kisha akasema jambo ambalo kila mtu alimsifu kwalo. "Akitokea juu, jina atalikuta miguu juu kichwa chini. Lazima tuligeuze."

Wakaligeuza. Alasiri ya kuamkia siku yenyewe walilala matumbo kwenye lami na brashi zao, wakaandika upya, herufi zikitazama mlimani. Mzee akaziandika upande wa ndani wa kona, maana waendeshaji wote hukata ndani na alitaka mjukuu wake azione kwa karibu. Akatumia rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kazi ya milango ya zahanati, ile inayong'aa, ambayo hata ukimwagia uji unaufuta kwa kitambaa. Akapaka mara mbili, ikolee.

Alifikiria macho ya mtoto. Magurudumu hakuyafikiria, wala sisi wengine hatukuyafikiria. Asubuhi walinibembeleza nikapanda nao mlimani, mara yangu ya kwanza, na nilipoliona lile jina likiwaka juani kutoka ukutani mpaka katikati ya barabara, nilimwambia mzee kwamba hajawahi kuandika vizuri hivi.

Mchana mvua ikashuka. Haikuwa mvua kubwa. Ilikuwa ile ndogo ya mlimani, inayokuja kimya kama mgeni mwenye habari mbaya.

Nilivuka barabara kumpelekea mzee chai. Nilipokanyaga jina, mguu ulinikimbia. Nilijishika kwa kinyozi, chai ikamwagika yote.

"Haya, bibi keshaanza dansi," kinyozi akasema, watu wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa natazama mguu wangu. Mguu ndio ulioelewa kwanza. Kichwa kilikuja nyuma yake, polepole.

"Mzee," nikamwita. "Rangi inateleza."

"Imekauka hiyo. Nimeigusa mwenyewe."

"Sijasema haijakauka. Njoo ukanyage."

Akaja, na mabuti yake ya mpira, akaweka mguu juu ya herufi ya kwanza. Akauvuta. Akauweka tena. Kisha akatazama juu, kule barabara inakotokea, akaifuata kwa macho mpaka miguuni pake, halafu akatazama bonde. Nimeishi na mume yule tangu nywele zake nyeusi, na sijawahi kumwona akizeeka isipokuwa dakika ile.

"Tumwage mchanga," kinyozi akasema. Kicheko kilikuwa kimemtoka.

"Mchanga juu ya rangi laini ni shanga sakafuni," mzee akajibu. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine. "Na kukwangua hatuwahi."

Redio ya mtu fulani ikapiga kelele kwamba mwendeshaji wa kwanza amevuka kilele, yuko peke yake, kawaacha wenzake, na jina lake ni Kipanga. Mlima mzima ulilipuka kwa vifijo. Sisi watatu tulisimama katikati ya furaha ile kama watu waliofiwa ambao majirani hawajaambiwa.

Mzee ndiye aliyepata wazo. Kama kuna watu wamesimama juu ya jina, hakuna atakayepita juu ya jina. Watapita nje, penye lami safi. Palikuwa pembamba, na palikuwa karibu na mawe, lakini palishika.

Kinyozi akawapanga watu bega kwa bega. Hapo msimamizi wa barabara akatufuata na filimbi yake, bwana mwenye kitambi na koti la kung'aa.

"Mama, ondoka barabarani. Sheria ni sheria."

"Sawa, baba. Njoo uisimamie hapa, juu ya hii herufi."

Alikuja kwa hasira, na hasira ikamponyoka pamoja na kisigino. Kama si bega langu angekaa chini. Akanitazama. Akachukua simu yake ya upepo, akaita, akaita tena, ikawa inakoroma tu, mlima umeikaba koo. Basi akaing'oa bendera yake nyekundu na kuanza kukimbia kupanda, kitambi na yote, akipunga. Lakini bendera hupungwa kila kona. Mwendeshaji akiiona hujua kuna kona, basi, na kona Kipanga alikuwa anaijua.

Ndivyo nilivyojikuta juu ya N.

Niseme jambo moja kuhusu mashabiki wa baiskeli, ambalo mzee alilisahau kama alivyosahau mvua. Hao hujaa barabarani mpaka hakuna njia, na mwendeshaji akifika hupasuka, kushoto na kulia, kama pazia. Hawapangi. Mwili umeshajifunza. Na mwendeshaji naye amejifunza. Haogopi ukuta wa watu, anaelekeza gurudumu katikati yake akijua utafunguka.

Kwanza nilimsikia. Baiskeli ikishuka kwa kasi kwenye maji hutoa sauti ya mtu anayechana kitambaa kirefu, bila kupumzika. Niliijua sauti ile, nimechana vitambaa maisha yangu yote, na nilijua pia kwamba ikianza hairudi nyuma. Kisha ukungu ukafanya doa. Doa likawa kofia, likawa mabega. Alimpita msimamizi bila kumtazama. Alikuwa anakuja upande wa ndani, moja kwa moja, kidevu kwenye usukani.

"Msitoke," mzee akasema. "Msitoke, jamani, msitoke."

Walitoka. Siwalaumu. Kinyozi aliruka kushoto, bega lake likaniacha na baridi mahali lilipokuwa. Mtu alimvuta mzee kwa koti. Pazia likafunguka, vizuri kabisa, kama lilivyofunguka miaka yote, na katikati ya mlango ule nikabaki mimi.

Nilitaka kutoka. Nilipoambiwa baadaye kwamba nilipiga moyo konde, sikumsahihisha mtu. Miguu ndiyo iliyogoma. Ilikuwa kama imeshonwa kwenye lami, mshono juu ya mshono. Sikuweza hata kufumba macho. Niliona mdomo wake ukifunguka. Niliona meno. Nikasikia breki zikilia kama mnyama, gurudumu la nyuma likaruka, likagonga chini, likaruka tena, na baiskeli ikaanza kuondoka kwangu kwenda nje, nje zaidi, kwenye mawe. Kiwiko chake kilikwaruza jiwe, nilisikia. Kwa kitambo nilichokuwa navuta pumzi moja, hakuna aliyejua kama bonde litamchukua.

Halikumchukua. Alipita. Upepo wake ulinipiga usoni na harufu ya mpira ulioungua, na nilipoweza kugeuza shingo alikuwa amezama kwenye kona ya chini.

Watu walirudi mmoja mmoja juu ya jina, macho chini, wakasimama imara sasa. Waliokuja nyuma walikuta ukuta ambao haukufunguka, wakapita nje kwa foleni, wakitukana. Mmoja aliyumba, akajiweka sawa. Nilikuwa nasikia kitu kinagonga karibu na sikio langu, nikadhani ni mnyororo wa baiskeli. Yalikuwa meno yangu.

Kule chini kwenye tambarare wenzake walimkamata, alikuwa amepoteza mwendo wake wote kwenye ile kona. Jezi ya kuongoza, ambayo angeivaa yeye jioni ile, ikavaliwa na mwingine. Mashabiki wa mitaa mingine walituzomea tulipofika mjini nyuma ya lori, wakisema ndio sisi tuliomponza mtoto wetu wenyewe.

Tulimkuta amekaa kwenye kiti cha kukunja nyuma ya gari la timu, taulo mabegani, kiwiko kimefungwa bandeji. Kofia ngumu ilikuwa bado kichwani. Hakusimama.

"Bibi," akasema.

"Naam."

"Nilijua mtafungua. Nilishaamua kupita hapohapo." Aliongea akitazama magoti yake. "Halafu nikaona mtu mmoja hatoki. Nikasema kama si mwendawazimu ni bibi yangu. Nani mwingine anasimama vile, kama anachunga maziwa yasifurike?"

Mzee alisogea mbele. Akanyoosha mikono tu, vidole vimejaa rangi mpaka kwenye kucha. Kipanga aliitazama mikono ile. Wenzake waliopita nje polepole walikuwa wamekwisha kumwambia walichokiona chini ya viatu vya watu.

"Babu," akasema, "mwaka kesho uniandike ukutani."

Mzee akatikisa kichwa kwamba ndiyo, akageuka, akaenda kusimama upande wa pili wa gari.

"Hukuogopa?" Kipanga akaniuliza mimi.

"Miguu iligoma, mke mwenzangu. Ningeweza kukimbia ningekuwa wa kwanza."

Alicheka, na kicheko kikageuka kutetemeka, mwili mzima, kama mtoto aliyetolewa majini. Akapeleka mkono kwenye kifungo cha kofia chini ya kidevu, penye lile kovu, akashindwa kukifungua. Nikainama kumsaidia. Na mimi vidole vilikuwa havisikii, vinacheza vyenyewe. Tukahangaika nacho pale, mikono minne kwenye kifungo kimoja, na watu wakipita, na hakuna aliyekuwa na haraka.