Mitungi ya Wifi

Pombe ilipopigwa marufuku, fundi cherehani alifurahi kuliko mtaa mzima, na tusimlaumu haraka. Mumewe, aliyepaka vanishi katika karakana ya samani, majirani walimwita Shikaukuta, kwa jinsi alivyorudi nyumbani kila Jumamosi. Mke aliyempokea mlangoni miaka yote hiyo hakuona cha kuchekesha.

Aliyemnywesha alikuwa dada wa huyo mume, wifi yake fundi, mpika pombe ya nafaka. Wifi alikuwa na mwiko wake: hauzi mtungi mpya kabla hajaunywa mwenyewe na kukaa kitako mlangoni, aone kama kichwa kimetulia. Wateja wakilalamika aliwaambia, "Tulieni. Nikifa mimi, nyinyi mtakunywa maji."

Baada ya sheria kupita, wifi aliendelea kupika kwa siri. Askari walipekua mara mbili wakatoka mikono mitupu. Mara ya tatu fundi aliwafuata nyuma ya nyumba akawaonyesha magunia ya makaa yaliyofunika mitungi. Ikavunjwa yote, na wifi akafungwa. Fundi alirudi kwenye cherehani yake akashona mpaka jioni, roho kwatu.

Mume akaanza kurudi mapema, wima, akinuka spiriti ya kung'arishia makabati. Mtu anayepaka vanishi anuke nini, waridi? Fundi akajipongeza, akawaambia hata wateja wake kwamba sheria imemrudishia mume. Kumbe kule karakanani wanaume, walipokosa pa kunywa, walikuwa wakiichanganya spiriti hiyohiyo na soda na kupokezana kopo.

Asubuhi moja mume alimuuliza mkewe kwa nini hajafungua dirisha. Jua lilikuwa limejaa kitandani.

Hospitali walisema macho hayatarudi. Mwenzake wa karakanani alikuwa ameshazikwa. Wifi, aliyekuwa ametoka kifungoni, alikuja saa ya kutazama wagonjwa na chupa ya chai, akakaa upande mmoja wa kitanda, fundi upande wa pili.

"Dada," mgonjwa alisema, "pombe yako haijapata kuua hata inzi. Ungekuwa unapika, ningekunywa kwako."

"Ungekunywa, ungeimba, ungelala," wifi alisema. "Kunywa chai, kaka."

"Nani alikuchongea? Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Mtu baki hajui habari za yale makaa. Kikulacho ki nguoni mwako."

Fundi alishika chuma cha kitanda. Moyo ulikuwa unamsuta tangu asubuhi ile ya dirisha, lakini alijipa matumaini kwamba siri ni yake peke yake. Alipoinua macho, wifi alikuwa anamtazama, bila hasira, kama mtu anayetazama jambo alilolijua zamani.

"Simjui," wifi alisema. "Na wewe usijichoshe."

"Ningemjua ningemlaani. Bora ninaye mke." Akapapasa shuka akitafuta mkono wa fundi. Fundi akasimama, akasema anakwenda kuosha vikombe.

Wifi alimfuata mpaka kwenye bomba la nje.

"Uliniona?" fundi aliuliza.

"Nilikuona. Nilikuwa ndani ya gari la askari ulipowafuata nyuma ya nyumba."

"Nitamwambia, wifi. Nikae na jambo hili moyoni, nitakufa."

"Hufi." Wifi alichukua kikombe kimoja akakifuta kwa upindo wa kanga. "Ukimwambia, wewe utapumua. Yeye atakataa mkono wako, na wangu umeshazeeka. Nani atampeleka chooni? Sikukufichia wewe. Nimemwachia yeye mtu."

Fundi alilia pale bombani, maji yakimwagika bure, hata muuguzi akapita na kulifunga.

Ndani, mgonjwa alisikia nyayo. "Ni wewe, mke wangu?"

"Ni mimi," fundi alisema. Akampa mkono. Mume akaupokea kwa mikono yake miwili, akaubusu, akamshukuru.