Hesabu za Jirani

Mstari mwekundu ulikuwa mrefu kuliko mingine yote kwenye chati ya ukutani, na ulikuwa wa programu ya shemeji yangu. Meneja alisimama kando yake mikono kifuani. Tulikuwa watu tisa kuizunguka meza.

"Mmejionea wenyewe," meneja alisema. "Programu ya kusafisha kumbukumbu ya kompyuta ndiyo inayotuchelewesha."

Shemeji aliutazama mstari ule, kisha akanigeukia mimi. Vipimo vile nilikuwa nimevileta mimi.

"Shemeji, una hakika na vihesabio vyako?"

"Namba hazina undugu na mtu, shemeji."

Watu wakacheka. Mungu anisamehe, nililifurahia jibu langu mpaka jioni.

Alikuwa mume wa dada yangu, na ufundi huu wa kuandika programu ni yeye aliyenifundisha, sebuleni kwao, dada akipiga pasi na kutuuliza kama kompyuta ndiyo itakayotupikia. Ofisini walimwita Taratibu. Ukimpa kazi yako aikague, ilirudi na maswali kumi na manne, na la mwisho lilikuwa la utani ili usilie. Tulitaniana kama mashemeji wanavyotaniana. Nilimwambia atazeeka akikagua nukta. Akanijibu kwamba mimi nitazeeka nikirudia kazi.

Mwaka ule ule, kabla ya kikao, nilikuwa nimepewa kazi yangu kubwa ya kwanza. Ndani ya kichakataji, ile sehemu ya kompyuta inayofanya kazi zote, mna vihesabio vidogo. Huhesabu amri zilizotekelezwa, na mara ngapi kitu kilitafutwa kwenye hifadhi ya karibu kikakosekana, ikabidi kifuatwe mbali. Vipo tangu kiwandani, lakini havina faida mpaka kiini cha mfumo endeshi kijue kuvisoma, na kukifundisha ndiyo ilikuwa kazi yangu. Kiini hicho ndicho kinachozigawia programu zamu: hii ifanye kazi kidogo, isimame, ipishe nyingine. Basi kila zamu inapobadilika, hesabu ya anayetoka lazima ihifadhiwe na ya anayeingia irudishwe. Usipofanya hivyo ni kama mizani ya dukani yenye sukari ya mteja aliyetangulia: anayefuata atapimiwa na ya mwenzake.

Nililijua hilo. Ningeweza kukusomea bila kuangalia popote.

Baada ya kikao kile programu yake ikapewa watu wengine waiandike upya, naye akahamishiwa kwenye uandishi wa miongozo ya watumiaji. Alifanya miezi mitatu, akaandika barua ya kuacha kazi. Nilimpigia simu kumpa pole. Akaniambia nisijali, mtu mzima anatakiwa kujua mkono wake umechoka lini. Nilidhani anajikaza kiume tu.

Miaka miwili ikapita. Ofisi ikanunua mashine za aina mpya, nami nikakaa kuisoma kazi yangu ya zamani ili niifanyie marekebisho. Ilikuwa saa nne asubuhi, chai yangu bado ya moto. Zamu inapokwisha kwa muda wake, hesabu ilihifadhiwa vizuri. Lakini programu inaweza pia kujitoa yenyewe kabla ya muda, ikae kusubiri kitu. Kwenye njia hiyo sikuwa nimeandika chochote. Anayeingia alirithi hesabu yote ya aliyetoka.

Na programu hujitoa lini? Mara nyingi ni pale nafasi ya kumbukumbu inapokwisha. Zikishakaa pembeni kusubiri, anayeitwa kuja kusafisha ni nani? Ni ile ya shemeji. Kila ilipoingia kufagia ilibambikiwa taka za waliotoka. Niliongeza mistari minne, nikapima upya ile ya zamani aliyoiandika yeye. Ilikuwa nyepesi kuliko zote, hata kuliko ile iliyochukua nafasi yake.

Nilifunga mlango wa chooni nikalia. Aliniuliza mbele ya watu wote kama nina hakika, na nusu saa ya kuangalia ingetosha. Mimi nikaona heri nichekeshe.

Jumamosi nilikwenda kwao na kompyuta. Dada alinifungulia. Jikoni, kila kabati lilikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa mwandiko wake shemeji: *Chumvi. Zima jiko. Funguo ziko kulia.*

"Anaumwa?" nilimnong'oneza.

"Daktari hajaona kitu. Lakini tangu pale kazini anasema akili yake inapungua, ila yeye mwenyewe hakuhisi ilipoanza. Anasema hata vipimo vya kule ofisini vilionyesha."

Shemeji alikuwa sebuleni. Sikunywa hata maji. Nilimweleza yote, tangu zamu mpaka mistari minne, na nikamwambia kosa lilikuwa langu peke yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wakati ule nilikuwa mzima."

"Ulikuwa mzima, shemeji. Nisamehe."

"Ningekuuliza mara ya pili," alisema. "Lakini wewe nilikufundisha mwenyewe. Nikasema huyu hawezi kukosea hapo."

Nikamwambia kwamba nimeshamweleza meneja, naye anamtaka arudi, hata kesho. Akatikisa kichwa polepole, si kukubali wala kukataa. Nikafungua kompyuta nikaiweka magotini pake, nikamwomba anikagulie ile mistari minne, kama zamani. Nilitamani maswali kumi na manne. Lile la utani pia.

Alivaa miwani. Alisoma mstari wa kwanza huku kidole chake kikiufuata kwenye kioo, akausoma tena, akarudi tena mwanzo. Dada alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi. Mwishowe shemeji akavua miwani, akanirudishia kompyuta kwa mikono miwili.

"Kama umeandika wewe," alisema, "itakuwa sawa tu."