Jani la Kushoto Limepinda

Wifi yangu si msemaji, ila akiandika jina la ua utadhani herufi zinagawiwa bure. Ni mke wa kaka yangu, fundi wa kudarizi, na mashine yake kuukuu husoma maua kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu. Kila ua alilowahi kumshonea mtu limo humo, na majina yake ni ya namna hii: "ua la kola ya mwalimu asiyetaka rangi ya njano".

Binti yangu alikuwa anaolewa kesho yake. Mama yangu, fundi kabla yetu sote, alikuwa amemchorea ua la gauni kwa mkono unaotetemeka. Macho yake yalikuwa yanazima. Alibaki akiona kidogo tu, tena kwenye jua kali la dirishani, na jua hilo huondoka alasiri. Alitaka alione ua lake kwenye kitambaa, na mimi nilitaka hivyo kuliko yeye.

Wifi alilifuata ua mstari kwa mstari kwenye kompyuta, akalituma kwenye kadi. Kompyuta ikasema kadi imejaa. Hapohapo ikaonyesha kwamba zaidi ya nusu ya kadi ni tupu.

Nikapandwa na hasira. "Kadi inatuchezea shere hii. Futa ua moja tumalize."

"Kila ua humu lina mwenyewe, wifi."

"Basi nikanunue kadi nyingine."

"Mashine hii haisomi kadi za siku hizi. Ngoja kidogo."

Ningekuwa mimi ningeshaipiga kofi ile kompyuta. Yeye alitulia, akafupisha jina la ua moja, akajaribu kuingiza ua lingine dogo. Likaingia. Akatabasamu.

"Kilichojaa ni mahali pa kuandikia majina," akasema. "Ni kama benchi. Jina fupi linakaa kiti kimoja, refu linajinyoosha kwenye vinne, vitano. Benchi limejaa, nyumba tupu."

"Si uyatie kwenye folda?"

"Mashine yangu haifungui folda. Nitayakata."

Akaanza kuyakata majina aliyoyapenda, bila kulalamika. Nikiwa nimesimama nyuma yake nikasoma: "ua la shingo ya wifi anayefoka kabla ya kuuliza". Nikamtazama. Hakugeuka. Akalifuta lote, akaandika "wifi".

"Ahsante kwa kunisitiri," nikasema.

"Nimepunguza viti tu."

Lilipofika ua la Mama, aliandika taratibu: "ua la mama jani la kushoto limepinda liachwe hivyohivyo".

"Liite ua tu, jua linaondoka."

"Hili silikati."

Nilimheshimu siku zote, lakini pale nilimpenda. Mashine ikalipokea ua, ikashona.

Tulimpelekea Mama gauni dirishani, jua likiwa limebaki kwenye mkono mmoja wa kiti chake. Akaliinua karibu na pua, akalifuata ua kwa kidole, kidole kikasimama kwenye jani.

"Hapa mkono ulinikosesha."

"Najua, Mama," wifi akasema.

"Mafundi huwa wananyoosha."

"Ningelinyoosha lisingekuwa lako."

Jua likatoka kwenye kiti, chumba kikapoa. Nikanyoosha mikono nimpokee gauni, maana sasa hakuna tena cha kuona, lakini kidole chake kilikuwa bado juu ya lile jani.

"Niachie kidogo," akasema. "Bado naliona."