Nyasi za Mwenyekiti Kwenye Laini ya Maji

Jumatatu asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya barabara ya Mombasa, mitungi ya Kambu ilikuwa imeshapanga laini kutoka kioski cha maji hadi kibaraza cha duka la Mulki. Kila mtungi ulikuwa na alama yake: huu kitambaa chekundu shingoni, ule gunzi la mahindi badala ya kifuniko, mwingine jiwe tu juu yake. Nyuma ya mtungi wa Muthoki, ule wa njano uliozibwa tundu kwa kipande cha ndara, zilikuwa zimesimama nyasi za Mwenyekiti Nzuki.

Zilikuwa zimejikunja kama mkeka, udongo ndani, majani nje, nene kama pipa na ndefu kumshinda Muthoki kwa kichwa.

Muthoki alizitazama kutoka juu hadi chini.

"Wewe umefika saa ngapi?"

Nyasi zikatikisika kidogo.

"Basi uko nyuma yangu. Na mtungi wako uko wapi?"

Hazikuwa na mtungi. Hilo ndilo lililoleta kelele.

"Mtu anakujaje kuteka maji mikono mitupu?" akasema Mutindi, aliyekuwa na mimba kubwa na hakuwa na subira kwa mtu yeyote. "Atatekea nini, mdomo?"

"Lakini si hiyo ni mali ya mwenyekiti?" akauliza mama mmoja.

"Mali ya mwenyekiti nayo ipange laini. Kama ni hivyo, hata sisi ni mali ya mwenyekiti, na tumepanga."

Nzuki alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Bomba kutoka kisimani lilipita kwake kwanza, kusalimia, kisha ndipo likashuka kioski. Siku nyingi salamu hizo zilichukua mchana kutwa. Mwaka uliopita alikuwa ameleta nyasi hizo kwa lori kutoka Nairobi, akazitandaza mbele ya nyumba, na tangu hapo kila siku ilipogonga saa sita alisimama na mpira wa maji akizinyunyizia. Alichagua saa sita kwa sababu ndipo mabasi ya Mombasa hupita, na abiria huchungulia madirishani. Nusu ya maji ilirudi mbinguni kabla haijagusa chini. Nusu nyingine ilitiririka hadi mtaro wa barabara. Nyasi zenyewe zililamba kilichobaki.

Ndani ya nyumba hali ilikuwa kinyume. Kulikuwa na ua moja kwenye chungu, kando ya televisheni, na kila aliyepita alilimiminia bilauri ya maji kwa mapenzi. Ua hilo lilikuwa limejifunza kuogelea. Lilizunguka chungu polepole, mchana wote, na wageni waliombwa wasilisumbue likiwa katikati.

Jumatatu hiyo Nzuki alifungua mlango akakuta udongo mwekundu, mtupu, kutoka ngazi hadi geti. Hakuuliza nyasi zimetembeaje. Aliuliza nani amezipa ruhusa. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kutoka Nuu na mbuzi wa ntheo, wa kumposa binti yake Kaluki, na alikuwa amejigamba kwenye simu, mbele ya ukoo mzima, kwamba watakalia kijani. Bila nyasi hizo angekuwa ni mzee mwenye geti kubwa na vumbi.

Akafika kioski kwa pikipiki.

"Haya, panda twende," akaziambia.

"Mwenyekiti," akasema Muthoki, "laini inaanzia kule nyuma."

"Nimekuja kuchukua nyasi yangu tu, mwaitu, mama yangu."

"Iko kwa laini. Unataka kuongea na mtu aliye kwa laini, panga."

Nzuki akapanga. Ilikuwa mara yake ya kwanza, na hakujua mahali pa kuweka mikono. Jua likapanda. Bomba la kioski lilikuwa kimya. Saa sita ilipofika shati lake lilikuwa limemganda mgongoni.

"Kwani leo maji yamechelewa wapi?" akauliza.

Wanawake wakageuka. Walimtazama tu, kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto anayetafuta kofia aliyoivaa. Ndipo akakumbuka kwamba alimwachia mpira ndugu yake Mutisya, na kwamba Mutisya, kwa kuwa ilikuwa saa sita, alikuwa anamwagilia udongo.

Kufikia hapo nyasi zilikuwa zimeinama. Mulki akatoka dukani, akaweka jiwe mahali pao ili nafasi isipotee, akaziongoza hadi kibarazani pake. Mulki alikuwa mwenyeji wa Garissa aliyekuja Kambu na mume mwenye malori. Malori yaliondoka na mume, yeye akabaki na duka. Kibarazani alikuwa na maua kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, yamejipanga kwa kimo, na hakuna aliyewahi kumwona akiyamwagilia, kwa sababu alifanya hivyo kabla watu hawajaamka.

Akazikunjua nyasi, akachomeka kidole udongoni hadi kiungo cha pili.

"Wallahi, huyu amelelewa vibaya," akasema. "Juu tope, chini jivu. Angalia mizizi. Yote iko juu juu, kama watoto wanaosubiri chapati mlangoni."

Nzuki alikuwa ametoka kwenye laini. "Mulki, ninampa maji kila siku."

"Unamwonyesha maji kila siku. Kumpa ni kitu kingine."

"Basi nimchukue nikampe."

"Mke akikimbia kwako, Nzuki, unamfuata na pikipiki? Nenda ulete wazee."

Alikuwa amesema kweli, na Nzuki alijua. Jumatano akarudi kwa miguu, na Mutisya kama mzee wake. Wanawake walikaa juu ya mitungi upande wa nyasi. Chai ikanywewa. Waliongea kuhusu mbuzi na mvua kwanza, kama inavyotakiwa, na mvua haikuchukua muda kwa kuwa haikuwepo.

Kisha Mulki akasema. Nyasi hazingemwagiliwa tena jua likiwa kali. Zingepewa maji alfajiri, polepole, hadi kidole kizima kiingie udongoni bila kugoma, halafu ziachwe siku kadhaa. Kiu kidogo ndiyo hufundisha mzizi kushuka. Wasizinyoe kipara, waache majani marefu yaufunike udongo. Na lile ua la ndani lisipewe kitu mpaka kidole kitoke kikavu. Maji ya kuoshea mchele yangelitosha.

"Na mpira," akaongeza Muthoki, "usiachwe ukikimbia mwenyewe huku mtu anaongea na simu."

"Sawa," akasema Nzuki.

"Na maji yatakayobaki?" akauliza Mutindi.

"Yatashuka kioski." Nzuki akainua mkono juu. Mutisya naye akainua wake.

Nyasi zikajikunja, zikamfuata nyumbani. Pikipiki haikuhitajika.

Jumamosi wakwe walifika kutoka Nuu na mbuzi watatu kwenye pikapu. Mbuzi walipoanza kushushwa, nyasi zilijikunja haraka zikaenda kusimama nyuma ya tangi, na hazikutoka hadi kamba ya mbuzi wa mwisho ilipofungwa fundo. Ndipo zikarudi, zikajitandaza chini ya viti, na wageni wakainua miguu mmoja mmoja kuzipisha. Zilikuwa za kijani tulivu, kijani cha kitu kilichokunywa kikashiba. Sebuleni ua lilikuwa limeshatoka majini, limesimama wima, linajikausha.

Mzee wa Nuu alikanyaga nyasi kwa muda, akafikiri.

"Ni nzuri sana," akasema. "Na ng'ombe wao wako wapi?"

"Hazina ng'ombe, mzee," akasema Nzuki. " Ni za kuangalia."

"Aah," akasema mzee, na akaziangalia, kwa adabu, hadi chakula kilipoletwa. Kaluki akakubaliwa.

Wiki iliyofuata saa sita zilipita bila mpira kulia. Nyasi zilikunywa alfajiri, mara mbili tu, na bado abiria wa mabasi walizionyeshana. Tangi la Nzuki likajaa hadi likamwagika, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Kwenye kioski wanawake walingoja.

Ijumaa kukawa na kibao kipya kando ya barabara, mbele ya geti la mwenyekiti. TUNAOSHA MAGARI. HAPA MAJI HAYAISHI. Lori la kwanza lilikuwa tayari linaoshwa chini ya tumbo, na Mutisya ndiye aliyeshika mpira.

Muthoki alikwenda kuuliza.

"Mwaitu," akasema Nzuki, "sisi tulikaa kwa mambo ya nyasi. Nenda uziulize kama zina malalamiko."

Muthoki akaziuliza. Hazikuwa na malalamiko. Mizizi ilikuwa imeshuka, na kiu hazikuwa nayo. Lakini zilikaa siku hiyo yote zikiwa zimelala upande mmoja, kama mtu aliyegeukia ukuta.

Jumatatu asubuhi zilikuwa kwenye laini tena, zimejikunja, nyuma ya mtungi wa njano wenye kipande cha ndara. Safari hii zilikuwa na mtungi, wenye kitambaa chekundu shingoni.

"Huo si wa Mutindi?" akauliza mama mmoja.

"Wa Mutindi," akasema Muthoki. "Amejifungua usiku wa Jumapili. Huyu anamshikia."

"Mtoto gani?"

"Msichana."

"Aii, basi naye tumwekee nafasi mapema."

Wakacheka. Wengine waliokuwa na kazi shambani wakaiacha mitungi yao kando ya nyasi, wakaziomba ziiangalie, wakaenda. Saa tatu mwenye kioski akafungua bomba. Likakohoa upepo, likanyamaza, na kutoka ng'ambo ya barabara ukasikika mlio wa maji kwenye bati la lori. Mama aliyekuwa wa kwanza alingoja kidogo, akachukua mtungi wake mtupu, akaondoka.

Laini ikasogea hatua moja mbele. Nyasi nazo zikasogea, zikiburuta mtungi.