Sura Inayocheka

Ninafumba macho saa saba mchana katika hosteli ya wagonjwa, mkono bado umevimba kwa dripu ya juzi, na Mama mdogo Mwajuma anaichukua simu kifuani pangu ili anijazie majibu kama kila siku. Ni programu ya hali ya mgonjwa, hospitali imetuwekea sisi vijana wenye saratani. Inauliza, Hujambo?, kisha inaleta sura tano, kuanzia inayocheka hadi inayolia, na ukigusa inayolia nesi anavuka kutoka hospitali anakuja. Mama mdogo anagusa inayocheka. Mtu akikujulia hali, anasema, unaanza na sijambo, ndiyo adabu. Nina homa tangu alfajiri, na daktari alituonya, ukiwa kwenye dawa hizi homa inaweza kuua kabla ya kesho. Nataka kumwambia, lakini ulimi umejaa vidonda, na tayari ninazama, kioo cha simu kinafunguka, nami nimo ndani.

Barabara ya humu haina mwisho, inapinda na kurudi palepale, na kando yake ni nyumba za vioo, na katika kila kioo niko mimi na kipara changu, nacheka. Nacheka! Mimi ambaye uji umenishinda siku tatu! Nakasirika. Mtu wa koti jeupe asiye na uso anatangulia mbele yangu. Kitendawili, anasema. Tega, namjibu, maana desturi ni desturi. Nyumba inaungua, moshi hautoki. Ni mimi huyo, nasema, mbona hamji kuzima? Tunazima palipoandikwa moto, kwako pameandikwa kicheko. Kaandika nani? Anayekupenda. Na mlango wa kutokea uko wapi? Ni ule mnaoufunga kwa adabu. Basi namwona Mama mdogo mbele kule, anagusa vioo kimoja kimoja, na kila akigusa nazidi kucheka. Namkimbilia kwa hasira ya kumtukana, na nikimfikia, jamani, kinanitoka nini? Shikamoo. Marahaba mwanangu, hujambo? Sija, naanza, na neno linanikwama kwenye vidonda, nalitema. Naumwa! Naungua, Mama mdogo, na adabu yako itanizika! Vioo vyote vinaangua kilio.

Nafumbua macho, au nadhani nafumbua. Simu iko kifuani. Mtu wa koti jeupe ameniinamia, barakoa imemfunika, uso siuoni. Hujambo, Tausi? Sijui ni wa huku au wa kule, na sijali. Naumwa, namwambia, na uandike hivyo hivyo.