Upepo Inaingia kwa Papa Octave

Siku ya posho, ni kusema Jumamosi, saa tatu ya asubui, Jolie alisimama mu barabara moja ya kartie ya Songo, mu Uvira, akaangalia nguo zenye watu walianika. Mbele ya kurusha droni anaanzaka na nguo, sababu nguo hazidanganyake. Zikilala ku kamba, unarusha. Zikicheza kidogo, unarusha chini-chini, na batri ikifika nusu unarudisha, juu kurudi kwa kupambana na upepo kunakula nguvu kuliko kwenda. Zikisimama sawa bendera, unafunga sanduku unarudi kwenu.

Ile asubui zilisimama zote. Nguo za upande wa ziwa zilielekea mulima, nguo za upande wa mulima zilielekea ziwa. Zote zilionyesha parseli, ni kusema kiwanja, ya Papa Octave, prezida wa komite ya wale maji ilibomolea nyumba.

"Mama, upepo inaingia pale toka pande zote," Jolie alimwambia Mama Wema, jirani ya Papa Octave. "Inatokeaka wapi?"

Mama Wema alikuwa anabana kikwembe na vibanio vitatu. "Haitokake. Iko vile tangu mafuriko. Na weye, hako ka ndege kako, kanapelekeaka nani habari zetu?"

"Ni ya ndoa, mama."

"Kila kitu kinaanzaka na ndoa," Mama Wema alisema, akaongeza kibanio cha ine.

Jolie hakuzoea upepo. Alijifunzia kurusha mu kambi ya wale mafuriko ilifukuza, penye yeye na mama yake Anne-Marie walilala chini ya bashi ya plastiki tangu nyumba yao ilienda na maji. Kule upepo haivumake hata kidogo. Moshi inapanda wima sawa fimbo. Watu wanaomba upepo kanisani juu ya joto, na haikuje.

Leo Papa Octave alikuwa anaoza mutoto wake Vanessa. Nyuma ya parseli yake kulikuwa kambi ya askari. Mwezi uliopita, upepo ilisukuma droni ya Emery, mupiga picha mwenzake Jolie, ikaanguka mule ndani. Alienda kuiomba, askari wakamufunga; angali kule. Dada yake anamupelekea ugali kila mangaribi.

"Papa prezida, upepo ni mingi," Jolie alisema. "Tungengoja itulie."

"Ndoa haingojake upepo, mutoto. Ao kuko kitu kingine ulikuja kutafuta hapa kwangu?"

"Hapana, papa."

"Basi rusha. Lakini nyuma ya nyumba usipige."

Droni inaelekezwaka uso ku upepo, lakini pale upepo haikuwa na uso. Jolie aliipandisha mita kumi. Ilitetemeka, kisha upepo ikaishika polepole, sawa muntu anashika mutoto mukono, ikaipeleka nyuma ya nyumba. Jolie alivuta vijiti vya telekomandi, haikurudi. Akaishusha, sababu kule chini upepo inapunguaka nguvu. Ikasimama juu ya hangari.

Mu ekrani aliona upepo inafunua bashi kubwa, bila haraka. Chini yake kulikuwa mabati mapya yenye komite ilipewa ya kugawia watu, kila fungu na jina kwa chokaa. Upepo ilipitia majina sawa mwalimu anaita wanafunzi: Hyacinthe. Josée. Ngendakumana. Ku kila jina upepo moja ilijitenga na ingine, ikaingia chini ya bati zake, ikalala.

Ku fungu ya Anne-Marie ililala upepo ndogo. Jolie aliitambua. Ni ile ilikuwa inagongaka mulango wao wa zamani kila saa kumi na moja.

Papa Octave alikuwa nyuma yake, anaangalia ekrani hiyo hiyo.

"Hiyo utakata."

"Ndiyo, papa."

"Askari wanauliziaka sana nani anarusha droni huku. Minye bado sijawajibu."

"Nitakata, papa."

Upepo ikaachilia droni. Batri ilikuwa imefika nusu sawasawa.

Ile ndoa ilipigwa picha vizuri. Voali ya kichwani ya Vanessa ilipepea ikaonyesha hangari tangu mwanzo mupaka mwisho, na pasta alisoma Biblia huku amekanyagia karatasi na vidole gumba viwili. Hakuna mwenye aliuliza kitu.

Mangaribi, Anne-Marie alikuwa anapika sombe mbele ya bashi.

"Mabati yetu iko kwa Papa Octave, mama. Iko na jina yako."

"Imeshika kutu?"

"Bado."

"Na upepo yetu?"

"Imelala chini yake."

Anne-Marie alikoroga sufuria. "Basi iko na mulinzi. Futa ile picha, mwanangu. Minye sitaki kupelekea muntu ugali kambini kwa askari."

Jolie alifuta. Kisha akaweka batri ingine, akapandisha droni ajizoeze kidogo mbele giza iingie. Ilisimama juu ya bashi yao bila kutetemeka, sawa kitu chenye kupigiliwa msumari ukutani. Mu Uvira yote hakukuwa fasi nzuri ya kurushia kuliko ile.