Mguu wa Siku za Uchumba

Daktari aliniambia nikimbie kidogo kila asubuhi ili presha ishuke. Nikakimbia. Kila nikifika geti la shule nasikia kama sisimizi wanatambaa vidoleni, kisha mguu wa kulia unakufa ganzi, nabaki kuuburuta kama si wangu. Sukari ya mama yangu ilianza hivyo hivyo, ikaishia kwa kukatwa mguu. Nilikuwa naogopa.

Wifi yangu alisema ni uvivu. Jirani akasema ni baridi, nikande kwa maji ya chumvi. Nikakanda. Shemeji, ambaye mazoezi yake ni kuinuka kitini kutafuta rimoti, akanifundisha kupumua. Kila mtu daktari, mguu wangu peke yangu.

Nikamwambia mume wangu labda ni raba. Heri ningenyamaza. Yeye ni fundi viatu, na raba zile alizishona mwenyewe. Alinuna mpaka chakula kikapoa.

"Mguu wako naujua kuliko unavyoujua wewe," akasema.

Mganga hajigangi. Wateja wake huwapima upya kila wakija, hata aliyepimwa juzi. Mimi, hapana. Juu ya rafu ana kalibu ya mbao aliyoichonga kwa umbo la mguu wangu tulipokuwa wachumba, na viatu vyangu vyote hushonewa juu yake. Huifuta vumbi, huwaonyesha wateja. Ukiigusa hiyo umemgusa yeye.

Nilikwenda kupima sukari, roho mkononi. Sukari hakuna. Nesi akanivua raba, akatazama mistari ya mshono iliyojichora mguuni.

"Mama, kiatu kinakubana tu."

Nililia palepale, kwa nafuu na kwa hasira. Kisha nikaenda moja kwa moja kibandani kwa mume wangu, nikapandisha mguu mtupu juu ya meza yake, wateja wakitazama.

"Nipime kama unavyowapima wenzangu."

Alitaka kubisha, akaniona uso, akachukua tepu. Akapima. Akapima tena. Akashusha ile kalibu, akailaza kando ya mguu wangu. Kidole gumba kilikuwa kimeipita kabisa.

"Umekua lini huu?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Watoto watatu, baba watoto. Ulidhani nilikuwa nawabeba kichwani?"

Aliirudisha kalibu rafuni, akapiga magoti, akaomba na mguu wa kushoto.